Kitabu cha Saumu Kilichofunguka Pande Mbili

Siku niliyoitoboatoboa karatasi ya marehemu baba yangu kwa sindano ya cherehani, mwanangu, naikumbuka vizuri kuliko hata siku niliyooa. Mke wangu akiyasikia maneno haya atanuna, lakini mwenyewe anajua ni kweli, maana bila ya mambo yaliyofuata siku ile sidhani kama ningepata akili ya kukaa naye nyumba moja. Sogea karibu basi, ukae kitako. Nasaha yangu si ndefu, ila njia ya kuifikia ina kona nyingi, na mimi sipendi kuharakishwa.

Ilikuwa miaka michache kabla ya vita vya Mjerumani. Tulikaa Malindi, mtaa wa Shela, katika nyumba yenye baraza refu upande wa njia. Baba yangu alikuwa fundi wa kushona, na alipofariki nilirithi vitu viwili: cherehani yake ya mkono na sanduku la mbao lililojaa magazeti ya picha. Nyumbani tulibaki watatu, mama yangu Bi Mize, mdogo wangu Saumu, na mimi Athumani, ambaye ghafla niliitwa mwenye nyumba hali ndevu zenyewe zilikuwa bado za kuhesabika.

Ngoja nikueleze hayo magazeti, kwa sababu nyinyi siku hizi mna katuni kila mahali na hamwoni ajabu. Yalikuwa vijitabu vyembamba, karatasi chache zilizokunjwa na kutiwa uzi katikati. Vilichapwa Bombay, kwa maandishi ya Kigujerati ambayo nyumbani kwetu hapakuwa na hata mmoja aliyeyajua. Kila ukurasa ulikuwa na picha zilizofuatana, na chini ya kila picha mstari wa maneno. Watu wa Bombay walivitia baina ya mikunjo ya majora ya nguo, sijui ni kwa kuzuia unyevu au kwa kuwafurahisha wateja. Basi baba kila alipofungua jora jipya la bafta alikitafuta kijitabu kwanza, akakipangusa, akaja nacho nyumbani amekitia kifuani ndani ya kanzu.

Mtu wa kwenye picha alikuwa mmoja tu, gazeti hadi gazeti. Kichwa kidogo, tumbo kubwa, na mwavuli asiouacha hata akilala. Jina lake la kweli hatukulijua, kwa hiyo baba alimwita Bwana Tumbo. Alikuwa na mke mwembamba mwenye mwiko mkononi, na punda mwenye uso wa mtu aliyechoka na dunia.

Jioni, watu wakishatoka kusali alasiri, baba alikaa barazani na sisi kando yake. Alikifungua kijitabu kama tunavyofungua juzuu zetu za chuoni, jalada la kulia kwanza, na kidole chake kikaenda kutoka kulia kuelekea kushoto, picha kwa picha, mpaka ukurasa wa mwisho. Majirani walikuja kusikiliza. Hata Mzee Karisa, mkulima wa Kigiriama aliyekuwa akishuka kutoka Adu kuuza mahindi, alikuwa hapandi kurudi kwao kabla hajauliza, "Haya, ye Bwana Tumbo ameandamwa na nini dzuzi na leo?" Dzuzi kwao ni juzi.

Na Bwana Tumbo kila siku aliandamwa na balaa. Picha ya kwanza yumo kisimani, maji yanamfika shingoni. Ya pili anaruka nje ya kisima, miguu juu. Ya tatu yuko juu ya punda, mkavu, mwavuli umefunguliwa. Mwisho amekaa kwake, sinia la chakula mbele yake, tumbo linang'aa. Gazeti jingine linaanza vyungu vimevunjika njia nzima na yeye kakaa katikati ya vigae analia, na linaishia vyungu vyote vizima juu ya kichwa chake na yeye anacheka. Jingine linaanza mkewe anamkimbiza kwa mwiko, na ukifika mwisho wamekaa mkekani wawili, mke anampepea kwa pepeo. Vipi vyungu viliungika? Baba alikuwa na maelezo yake, na kila siku maelezo yalikuwa mengine. Mara ni dua ya mama, mara ni punda kwa siri alikuwa mfinyanzi. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Baba alipofariki Saumu alikuwa mtoto bado, na alikataa kula. Mama alimbembeleza kwa kila namna. Halafu akaenda kulifungua sanduku, akatoa lile gazeti la kisima, akakaa naye sakafuni, akamsomea kwa sauti kama ya baba, punda na yote. Lilipofika sinia la chakula Saumu akanyoosha mkono akala wali. Tangu siku hiyo yale magazeti hayakuwa mchezo kwake. Aliniambia mara nyingi, "Waona, kaka, mambo ya huyu mtu huanza vibaya, lakini hayaishi vibaya hata mara moja." Nilimpenda sana mdogo wangu, na nilimwona hana kitu kingine cha kumshikia baba ila hicho.

Basi ukafika wakati wake, ikaja posa kutoka Takaungu. Kijana alikuwa mtu mwema, wa watu wema, na Saumu mwenyewe alimridhia. Harusi ikawekwa mwezi wa Mfungo Mosi. Lakini kadiri siku zilivyokaribia ndivyo alivyozidi kunyongonyea. Takaungu si mwisho wa dunia, lakini kwa msichana ambaye hajalala usiku hata mmoja mbali na mama yake, ni kama ndio huo mwisho wenyewe. Nilipomuuliza anataka nimpe tunu gani, alisema hataki nguo, nguo anazo.

"Nataka yale magazeti ya baba," alisema, "lakini si hivyo yalivyo. Mende wameyala pembe, na nyuzi zimeoza. Nataka yawe kitabu cha kweli, chenye jalada gumu, kama vitabu vya masheikh. Nikiwa huko ugenini nikashikwa na unyonge, nifungue nimsikie baba. Usiponipa hicho, kaka, wallahi mtanipakia mkinivuta kwa kamba."

Nikamwahidi. Na mimi kijana fundi, niliyekuwa najiona nashona kuliko Malindi nzima, nikasema moyoni: kushona ni kushona. Nikaliweka gazeti la kwanza chini ya sindano ya cherehani, nikazungusha gurudumu. Ah, mwanangu! Nguo ina nyuzi, sindano hupita katikati yake na nyuzi zikarudi mahali pake. Karatasi haina huruma hiyo. Nilipolivuta gazeti, ukurasa ulikatika sawasawa juu ya mshono, kama tikiti ya melini, na punda wa Bwana Tumbo akabaki mkononi mwangu amegawanyika mara mbili.

Mama alinitazama kutoka mlangoni. Hakupiga kelele.

"Karatasi si kanzu, Athumani," alisema. "Chukua sanduku, mpelekee Jetha Bhai. Na huyo punda mchukue na yeye, labda atapona."

Jetha Bhai alikuwa Mhindi, mjalidi wa vitabu, na duka lake lilikuwa nyuma ya maduka ya nguo. Alizaliwa papa hapa Malindi na Kiswahili chake kilikuwa cha hapa hapa. Alijalidi madaftari ya wenye maduka, alijalidi juzuu za watoto wa chuoni, na vitabu vya kadhi pia vilipita mikononi mwake. Tena alikuwa na majivuno! Ukiingia kwake hukuambiwa karibu kabla hujaonyeshwa gundi. Aliipika mwenyewe kwa unga wa ngano, akaitia mrututu ndani yake ili mende akionja afe, na alikuwa anaikoroga na kukusogezea puani kama mpishi wa harusi anayekuonjesha mchuzi.

Nikalifungua sanduku. Akavaa miwani, akachukua gazeti la juu, akacheka peke yake. Akachukua la pili, akacheka tena.

"Haya nilikuwa nayasoma nikiwa mdogo," alisema. "Umeyapata wapi mengi hivi?"

"Ya marehemu baba. Yanakwenda Takaungu na bi harusi. Nataka ngozi nyekundu ya mbuzi, na ua la asumini la dhahabu juu ya jalada. Asumini ndilo ua analolipenda mdogo wangu."

Akaupima mrundo kwa kiganja chake. "Huu mnene. Nikiufanya kitabu kimoja kitafunguka kwa shida na mgongo utapasuka. Nitakufanyia viwili."

Sikufurahi, maana Saumu aliomba kitabu, hakuomba vitabu. Lakini Jetha Bhai alikwisha kushika kisu na kuanza kuzikata nyuzi kuukuu, na mimi moyo ukanipiga, kwa kuwa nilijiona kama namtazama mtu akimfumua baba yangu. Aliniona. Akanionyesha jinsi atakavyozipanga karatasi ndani ya jiliwa la mbao, azibane, kisha azishone kwa mkono, uzi wa katani uliopakwa nta, ukiingia kwenye mkunjo na kutoka kwenye mkunjo bila ya kuugusa uso wa karatasi. Mimi ni mshonaji, najua mshono nikiuona. Nikamwachia.

"Nije lini?" nilimuuliza.

"Nitakapokuita. Gundi hukauka kwa raha yake, si kwa raha ya bi harusi."

Aliniita zikiwa zimebaki siku chache tu kufika harusi. Nilikwenda mbio, nusu nikitembea nusu nikiruka. Vitabu viwili vilikuwa mezani, vimefunikwa kwa kitambaa. Akakiondoa kitambaa kwa madaha, kama anayefunua uso wa bi harusi mwenyewe. Ngozi nyekundu, laini, kingo zimekatwa zikanyooka, harufu yake nzuri. Nikakishika kimoja, nikakiweka mkononi kama tunavyoshika vitabu, mgongo kulia, nitazame ua langu.

Jalada lilikuwa tupu.

Nikakigeuza. Ua la asumini lilikuwa nyuma. Nikakishika cha pili, na chenyewe vile vile. Damu ikanipanda. Nikamwona Saumu analia mbele ya watu wa Takaungu na kitabu kilichogeuka mkononi mwake.

"Jetha Bhai! Umekifunga kitabu nyuma mbele! Ua langu umelitia matakoni!" Uniwie radhi kwa neno hilo, lakini ndilo nililolisema, tena kwa sauti iliyowatoa watu madukani. "Umeniharibia! Mtu aliyezaliwa na vitabu hajui mbele na nyuma?"

Jetha Bhai akaivua miwani polepole, akaifuta, akaivaa tena. Nilidhani atanifukuza.

"Juzuu zenu nazifunga upande wenu," alisema. "Si ndio? Nimewahi kukosea?"

"Hujakosea."

"Haya maandishi ni ya kwetu. Kwetu twaanza kushoto, twaenda kulia. Mbele ni huku lilipo ua. Nimeyapanga kwa namba zake, moja baada ya moja. Sasa wewe, mwana wa fundi, kabla ya kupiga kelele njia nzima, ungeniuliza jambo moja tu: Jetha Bhai, umeanzia upande gani? Ningekujibu, na hawa jamaa wangebaki madukani mwao wakiuza."

Nikaona haya. Lakini haya yenyewe hayakupata nafasi ya kukaa, kwa sababu alikwisha kukifungua kitabu kwa upande wa ua na kuanza kunisomea, akifasiri mstari kwa mstari. Bwana Tumbo yuko kwake, anakula, anajisifu kuwa hapana mtu anayejua kupanda punda kama yeye. Bwana Tumbo juu ya punda, mwavuli wazi, hatazami njia. Punda anasimama ghafla, Bwana Tumbo anaruka, miguu juu. Bwana Tumbo kisimani, maji shingoni. Basi. Imekwisha. Jetha Bhai akacheka, na watu waliotoka madukani wakacheka.

Mimi sikucheka. Nilikifungua kile cha pili. Mume na mke mkekani, mke anampepea, mume anasema neno la kipumbavu, mwiko unainuka, mbio. Vyungu vizima kichwani, majivuno, jiwe, vigae, kilio. Kila gazeti, mwanangu. Kila gazeti lilikuwa hadithi ya mpumbavu anayeanza vizuri akaishia pabaya. Jioni zote zile baba alikuwa anatusomea kinyume. Na mdogo wangu aliyerudi kula wali kwa ajili ya mtu aliyetoka kisimani, nitamwambiaje kwamba mtu yule hakutoka?

"Una nini?" Jetha Bhai aliniuliza. "Mbona umekuwa kama uliyefiwa?"

Nikamweleza. Nikakishika kitabu kwa upande wangu, upande usio na ua, nikamsomea kama alivyosoma baba: kisima kwanza, punda baadaye, sinia la chakula mwisho. Sikutaka hata kufanya ule mzaha wa baba juu ya punda. Nikafika mwisho. Jetha Bhai alikichukua kitabu mikononi mwangu, akakifungua tena kwa upande wangu, akafuata kwa kidole chake mwenyewe, kulia kwenda kushoto. Kisima. Punda. Sinia. Halafu akaanza kucheka, lakini kicheko kingine kabisa, cha mtoto, mpaka machozi yakamtoka na akamwita mkewe kutoka uani.

"Njoo uone! Njoo umwone anavyotoka! Utoto wangu wote nimemwona akiangukia kisimani, hata siku moja sijamwona akitoka!"

Mkewe akaja, mikono ina unga, akasomewa na yeye. Akasema kitu kwa lugha yao, na Jetha Bhai akanifasiria: asema hii yenu ni bora, hasa ile ya mwiko.

Kisha mzee huyo mwenye majivuno akatia chuma chake cha ua motoni bila ya mimi kumwomba. Akaligeuza jalada lile tupu, akalipangusa, akaweka karatasi ya dhahabu, akakandamiza. Ua la pili likatokea, sawa na la kwanza. Akafanya vivyo hivyo kwa kitabu cha pili. "Haya," alisema, "sasa hakina nyuma. Anayetaka acheke kwetu, anayetaka acheke kwenu." Na yule punda niliyemkata alikuwa amemwunga kwa kijikaratasi chembamba hata ukitafuta mshono huuoni.

Nilikwenda nyumbani na vitabu kwapani, lakini moyo wangu ulikuwa bado mzito. Dhahabu pande mbili ni sawa, lakini je, Saumu nimwambie? Nikinyamaza, atakwenda Takaungu na raha yake. Lakini huko pia kuna Wahindi wenye maduka, na siku moja mmoja wao atamsomea, na atajua kuwa kaka yake alijua akamficha. Nikimwambia, namnyang'anya baba yake siku ya kuondoka kwake. Nilimkuta mama uani anachambua mchele wa harusi, nikamnong'oneza yote.

Mama akajifunika uso kwa leso. Mabega yalimtikisika, nikadhani nimemliza. Kumbe anacheka.

"Baba yako alijua," alisema.

"Alijua nini?"

"Alijua tangu zamani. Wewe ulikuwa ndiyo kwanza unang'oka meno ya utoto. Alimuuliza mwenye duka la nguo amsomee maneno, akarudi hapa anacheka hata kukaa hawezi. Akanambia, 'Mize, kumbe huyu bwana huangukia kisimani! Basi kwao na aanguke, lakini akifika nyumbani kwangu atatoka.' Nilimwambia, wadanganya watoto. Akasema, 'Siwadanganyi. Picha ni zile zile, sikuongeza wala sikupunguza. Nimeanzia tu pale watu wengine wanapoachia.'"

Nilikaa chini kando ya ungo. Baba yangu, mwanangu, alikuwa mtu wa kanzu moja ya kazi na moja ya Ijumaa, hakuacha shamba wala nyumba ya kupangisha. Lakini siku ile nilijiona mtoto wa tajiri, na furaha iliyonijaa siwezi kukupimia.

Jioni hiyo hiyo Saumu alikuwa chumbani na mashoga zake, hina mikononi, hawezi kushika kitu. Nikaviweka vitabu mbele yake juu ya mto. Alipoliona jalada jekundu alipiga ukelele wa furaha, akaniambia nimfungulie. Nikamfungulia kwa upande wa Jetha Bhai.

"Kaka, hukuanzia mwanzo."

"Nimeanzia mwanzo. Sikiliza."

Nikamsomea mpaka kisimani, nikaacha hapo. Mashoga zake walicheka. Yeye alinitazama, uso umemshuka, na kwa kitambo nikajuta. Kisha nikakigeuza kitabu, ua jingine likawa juu, nikamsomea kwa upande wa baba, na safari hii mzaha wa punda sikuuacha.

Akauliza neno moja tu. "Baba alijua?"

"Alijua. Muulize mama."

Mama alikuwa mlangoni, akatikisa kichwa kukubali. Basi Saumu akacheka na kulia pamoja, akajipangusa machozi hina ikampaka usoni, mashoga zake wakamgombeza kuwa kazi ya mchana kutwa imeharibika, na yeye anazidi kucheka. "Kumbe nimepata mara mbili!" alikuwa anasema. "Kitabu kimoja, hadithi mara mbili! Na mimi nilidhani ni kitabu cha watoto!"

Siku ya kuondoka, vyombo vyake vilipokuwa vinafungwa, alikitia kitabu kimoja sandukuni. Cha pili akampa mama mkononi.

"Hiki kikae hapa. Nikija nakirudisha kile nachukua hiki. Nisipoweza kuja, mtu yeyote anayekwenda na kurudi atatubadilishia."

Akaondoka bila ya kamba, kichwa juu. Jetha Bhai alinisumbua baadaye mwaka mzima kwa majivuno: unaona, ningekusikiliza nikakufanyia kimoja, mdogo wako angebadilisha nini?

Na kweli vilibadilishwa. Vilipita Kilifi kwa miguu ya watu, vikavuka Mnarani, vikalala majumba ya jamaa, na kila nyumba iliyovipokea iliwasomea watoto wake usiku kabla ya kuvipeleka mbele. Jalada lilichubuka, ngozi ikafifia, lakini mshono wa Jetha Bhai haukuachia mpaka leo. Wanawe Saumu waliniambia mama yao alikuwa na utaratibu wake. Mtoto akifanya ujeuri, akijivuna, akimdharau mwenzake, alisomewa kuanzia kushoto, mpaka kisimani, na taa ikazimwa. Mtoto akiugua, au akishindwa jambo, au akirudi analia, alisomewa kuanzia kulia. Wakajua bila ya kuambiwa, wakiona tu mama amekishika kitabu kwa upande gani, wamekuwa wabaya au wamekuwa wagonjwa.

Sasa basi, mwanangu, hapa ndipo nilipokuwa nakuleta. Utakutana na mtu, mkeo, jirani yako, bosi wako kazini, na utaona wazi kabisa kuwa amekosea, amelitia ua mahali pasipo pake. Usifoke. Muulize kwanza ameanzia upande gani. Mara nyingi utaona naye ana namba zake na mpango wake, na ukimsikiliza utarudi nyumbani na hadithi ya pili uliyokuwa huna. Mimi na mke wangu tumegombana sana, usidhani, lakini swali hilo limetuokoa siku nyingi, na siku nisipoliuliza yeye huniuliza.

Tena ukipenda kitu, hata watu wakikiona cha kitoto, usikiache kikaliwa na mende. Mpelekee anayejua kazi, umlipe haki yake, kikae kwa heshima. Kicheko cha baba yako nacho kinastahili jalada gumu. Na ukiwa na watoto, ukaona dunia inawaonyesha tu watu wanaoanguka, usiwafiche kuwa watu huanguka. Ila akija kwako aliyelowa, anayetetemeka, msomee kwa upande wa baba yangu.

Kitabu kilichoko kwangu sasa ni kile cha vyungu. Cha kisima kiko Takaungu kwa wajukuu wa Saumu, na wewe kesho kutwa unapita huko. Chukua hiki, ukibadilishe, uniletee kile, macho yangu bado yananitosha kumwona mtu akitoka majini. Nenda, Mungu akuweke. Siku zako za kuanguka azifanye chache na fupi, na kila utakapofika shingoni kwenye maji, akugeuzie ukurasa kutoka kulia, ukute punda anakungoja, nguo zimekauka, na nyumbani chakula kimeandaliwa. Amin.